Barua kwa mwanangu: mtu wa namba 417

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku hatujambo, wasiwasi ni kwenu. Goti la mama yako linamsumbua kila mawingu yakitanda, ila halijamzuia kusimama jikoni tangu alfajiri akimimina mikate ya watu wa Ijumaa. Machungwa ya Muheza yameanza kushuka, kila kona ya mji ni maganda.

Swali lako la Jumapili nimelala nalo wiki nzima. Uliuliza kwa ule upole wenu wakaguzi wa hesabu, mnaouliza mkiwa na jibu mfukoni: "Baba, hivi hayo makaratasi yana faida gani?" Nikakwambia sikusikii, mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzima. Jibu langu ni refu kuliko salio lililokuwa kwenye simu, na sehemu yake moja sikutaka mama yako, aliyekuwa akipita na sinia, aisikie kabla yako. Kwa hiyo nakuandikia kwa mkono, kama zamani. Hati yangu unaijua, ni ya karani, haina maringo.

Nianze na unayoyajua. Nilistaafu 2011. Kiinua mgongo kikaezeka nyumba, kikamaliza ada yako ya mwaka wa mwisho, na kilichobaki nikanunua kabati mbili za chuma. Wenzangu walinunua bodaboda, wengine wakafuga kuku wa kisasa, wakafa (kuku, si wenzangu). Mama yako alipoona kabati zinashushwa kwenye mkokoteni alidhani nimemletea za nguo. Zilipojaa vitabu vya zamani vya mashamba ya mkonge, vinavyonuka vumbi na mavi ya popo, akavipa jina la mke mwenza, na mpaka leo akipita mlangoni asubuhi huuliza kama bi mdogo ameamka.

Usichokijua ni vilikotoka.

Mwaka 1996, wewe ukiwa darasa la pili, nilikwenda Muheza kwenye mazishi ya mjomba wangu. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuondoka kwenye mashamba ya mkonge, nafanya kazi mjini. Stendi nikanunua karanga kwa mtoto mmoja, akanitilia kwenye karatasi iliyokunjwa pembe. Nikala, nikataka kutupa ile karatasi, mkono ukakataa. Ilikuwa na mistari myekundu ya kusimama, na mhasibu hatupi karatasi yenye mistari bila kuikunjua. Ndani nikakuta safu: namba, jina, kabila, halafu vijumba 30, kimoja kwa kila siku ya kazi, vimetiwa alama kwa kalamu ya kuchovya. Juu yake, katikati ya chumvi na mafuta, mwaka: 1948.

Ilikuwa masta roli, karatasi ya mahudhurio ya vibarua. Karatasi za namna hiyo ndizo zilizonilea. Kazi yangu ya kwanza, mwaka 1970, kabla sijapelekwa Mzumbe kusoma, ilikuwa kusimama kwenye uwanja wa kambi gizani, taa ya chemli mkononi, nikiita watu kutoka kwenye kitabu kama hicho. Nikamuuliza yule mtoto karatasi anapata wapi. Akasema ziko gunia zima kwao, mama yake huwashia moto zile zilizolowa.

Kesho yake nikaenda shambani. Jina la shamba unalijua, sina haja ya kulitaja. Stoo ya ofisi ilikuwa haina paa upande mmoja. Vitabu vilikuwa vimerundikwa mpaka kifuani, mbuzi amelala juu yake. Aliyekuwa na dhamana pale akaniambia, "Chukua mzee wangu, unatusaidia kufagia." Nikamwambia sichukui mpaka aniandikie. Akacheka, akaniona mwehu, lakini akaandika: karatasi chakavu, kilo 340, zimelipiwa. Stakabadhi hiyo ninayo. Iko kwenye bahasha moja na hati ya nyumba, na siku nikifa usije ukaitafuta kwingine.

Hapo ndipo ninaposhangaa sheria zetu zilivyo. Ile Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda hata mlango wa mbao, mradi uwe umechongwa nchini kabla ya 1940. Mlango! Siuonei wivu mlango. Ila kitabu chenye majina ya watu mia sita kilikuwa kinafungia karanga. Sheria ya nyaraka ya 2002 ilipopita nilishangilia peke yangu sebuleni, na wewe ukaniuliza Simba imefunga.

Ninyi mliokuja nyuma mkonge mnauona kama pori la miiba kando ya barabara ya Segera. Sisi ulikuwa ndiyo saa yetu, ndiyo chakula chetu na ndiyo ugonjwa wetu. Na umeingia hapa juzi tu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapita Hamburg, ikapanda meli tena. Iliyofika hai ni 62. Ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto pale Pangani. Hasara ya asilimia 93.8, mwanangu, ningekuwa mhasibu wake ningemshauri afunge biashara. Hadithi wanayowapa watalii, kwamba miche ilifichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa, mimi siipokei. Sijaona vocha ya mamba. Lakini ile miche 62 ndiyo iliyozaa kila kitu: mashamba ya kuanzia Pangani hadi Korogwe na kupanda reli kuelekea Moshi, na bandari ya Tanga ikijaa robota za singa, yaani nyuzi za mkonge. Kufikia 1964 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 230,000 kwa mwaka, hakuna nchi iliyotushinda duniani. Halafu zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba yakataifishwa 1967, na mengine unayajua kwa sababu uliyakuta yamekufa.

Jambo moja la korona, yaani kile kiwanda cha kukamua majani, halikunitoka kichwani. Ukiingiza kilo 100 za majani, singa unazopata ni kama kilo 4. Zilizobaki ni maji ya kijani yanayowasha na makapi yanayonuka mpaka kambini. Nilipokuwa kijana niliziandika hizo 4 kwenye vitabu miaka mingi, tani kwa tani, sikuwahi kuandika mstari mmoja juu ya waliosimama kwenye yale maji.

Wageni wakija Tanga hupelekwa Tongoni kutazama makaburi ya nguzo, au mapango ya Amboni, na hiyo ni haki yake, Tongoni ilikuwa mji wa watu kabla Mreno hajaonekana pwani hii. Basi, waja leo waondoka leo. Hakuna anayepelekwa kambini. Kambi hazina nguzo wala mihrabu, zina misingi ya vyumba vya futi kumi kwa kumi na miembe. Ukiona miembe imesimama mstari mnyoofu katikati ya pori, hapo palikuwa na watu walioletwa.

Walioletwa waliitwa manamba. Wewe umelisikia neno hilo kama tusi, mtu akivaa vibaya anaambiwa kama manamba. Ni namba tu, mwanangu. Wenye mashamba mwaka 1944 walianzisha ofisi yao ya kusajili vibarua mikoani, watu wakaiita SILABU. Ilikuwa ikiwatoa Waha na Warundi huko magharibi, Wabena na Wangoni kusini, Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Akifika shambani mtu anapewa namba, blanketi na kipande, yaani kadi ya siku zake 30 za kazi. Kwa namba anapokea posho, kwa namba analipwa, kwa namba anaitwa mtoro. Jina lilikuwepo kwenye kitabu, lakini karani aliliandika alivyolisikia, na kama hakulisikia aliandika lolote. Nina ukurasa mmoja wenye watu kumi na mmoja wanaoitwa Juma, mmoja wao nimekuja kugundua ni Mkatoliki wa Peramiho.

Nilipostaafu nikaanza kazi. Pini na klipu zilizoota kutu nikazivua moja moja, maana kutu inamaliza karatasi polepole kuliko mchwa lakini haisazi. Vumbi nikalipiga kwa brashi ya kunyolea. Chini ya kabati matofali, ndani majani makavu ya mwarobaini, ambayo nabadilisha kila masika yakiisha. Halafu nikanunua kaunta buku za kwaya tatu, nikaanza kuandika upya kila jina, alfabeti kwa alfabeti: namba, kabila, alikotoka, alipofika, alipoondoka. Leo zimejaa tano. Mpwa wako amenisaidia kupiga picha kurasa kwa simu, ananitoza bando la wiki, na nampa risiti.

Kisha nikapanda baiskeli. Nilikwenda Ngomeni, Pongwe, Kange, kote walikobaki wazee ambao hawakurudi makwao. Nilidhani nakwenda kuthibitisha vitabu. Nilikuwa na kiburi cha vitabu, nakiri.

Mwaka 2013, kambi moja upande wa Ngomeni, nilimkuta bibi wa Kimakonde, nembo bado zinaonekana usoni. Mumewe alikuwa amefariki zamani. Nikampata mumewe kwenye daftari la 1956, nikamsomea kwa furaha, kama mtu aliyeleta zawadi. Nikamwambia mzee alikuwa hodari, mwaka mzima ana siku moja tu ya utoro. Akauliza mwezi gani. Nikasema Agosti. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mbaazi, halafu akasema, "Siku hiyo alikuwa anachimba kaburi la mtoto wetu. Nyapara alijua. Alipita pale, akatupa pole."

Sikuwa na la kusema. Nilifuta miwani. Mstari ule ulikuwa sahihi kihesabu, hakufika kazini, akakatwa. Ningeukagua mimi ningeupitisha. Tangu siku hiyo kaunta buku zangu zina safu moja ya ziada upande wa kulia, nimeiandika juu yake "Wenyewe wanasema". Ukizifungua utaona safu hiyo imenishinda upana, nimebandika vikaratasi.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sikutaka kulisema kwenye simu.

Babu yako hukumwahi. Alifariki 1989, wewe ulikuwa unatambaa. Unajua alikuwa Muha wa Kasulu, alikuja kukata mkonge, akamwoa bibi yako, Mbondei wa Muheza, akabaki. Unajua alikuwa mpole na kwamba hakurudi kwao hata mara moja katika miaka 42. Alisema nauli. Nami nilipokuwa na mshahara wangu nilimpa nauli mara mbili, zote akanunua mbuzi.

Kuna mambo mawili ya babu yako ambayo sisi watoto tuliyafanyia mzaha. La kwanza, akiitwa jina lake hakuwa akigeuka mara moja. Ilibidi uite mara mbili, ya pili ndiyo anashtuka. Tulidhani sikio, kwa sababu ya kelele za korona. La pili, alikuwa halali na blanketi, hata wakati wa baridi tukienda Lushoto. Alijifunika shuka mbili, tatu, blanketi hapana. Bibi yako alikuwa akicheka kwamba kapata Muha wa milimani anayeogopa sufu.

Nilimtafuta kwenye vitabu tangu siku ya kwanza, nadhani ndicho nilichokuwa nikitafuta hata kwenye karanga. Nilimpata mwaka 2014, kitabu cha Machi 1947. Namba 417, jina letu, hilohilo ulilonalo kwenye kitambulisho, kabila Muha, chifu: Heru. Nilipiga kelele mama yako akadhani nimeumwa na nge. Tulikunywa chai ya tangawizi. Heru, nchi ya Waha kule Kasulu, wakati ule ilikuwa chini ya mwami (chifu wao) mwanamke, Theresa Ntare, aliyekuwa na mwaka mmoja tu madarakani, na nilijisikia kama nimepewa nasaba nzima kwa mpigo.

Mama yako akaenda kulala, mimi nikabaki, nikaangalia mstari wenyewe kwa utulivu. Alama za kazi zinakwenda hadi tarehe 11. Tarehe 12, 13, herufi H, hospitali. Tarehe 14 kuna mstari mwekundu uliokata safu mpaka mwisho. Wewe na mimi tunajua mstari kama ule maana yake nini, akaunti imefungwa. Kitabu cha Aprili mchwa walikula nusu, 417 imo katika nusu iliyoliwa. Nikafungua cha Mei. 417, jina lilelile, Muha, Heru, yuko kazini kuanzia tarehe 2, hakukosa hata siku moja.

Akaunti iliyofungwa haifunguliwi bila maelezo. Nikaenda kwenye daftari la stoo. Machi 14: blanketi moja limerudishwa, 417. Mei 2: blanketi moja, lililotumika, limetolewa, 417.

Nilikaa pale hadi adhana ya alfajiri.

Wiki iliyofuata nilikwenda Pongwe kwa mzee mmoja wa Kiha aliyekuwa rika la babu yako, walilewa pamoja, walifiwa pamoja. Nikamwekea yale madaftari mawili mbele yake, nikamweleza, kwa sababu hakujua kusoma. Hakushangaa. Akasema, "Kumbe waliandika." Kisha akanieleza. Babu yako hakuletwa na SILABU. Alikuwa kijana mdogo, hakufaa kwa uzito, alikuja kwa miguu yake na kudandia malori, akawa analala nje ya kambi akiokota vibarua vya siku. Yule mtu wa Heru mwenye jina letu alifika na wenzake kihalali, akaugua, akafa kabla hajamaliza kipande cha pili. Sasa fikiria kama karani. Shamba limelipia kila kichwa kilicholetwa, na mwisho wa mwezi vichwa lazima vifanane na malipo. Hapo nje kuna kijana wa kabila lilelile anayetaka kazi. Karani hakuwa mtu mbaya, huenda hata alimwonea huruma. Akamwambia kuanzia leo wewe ndiye huyu. Akampa namba, kipande, jina. Na blanketi.

Kuhusu blanketi sisemi ndiyo sababu. Huenda mzee alikuwa anasikia joto tu, Tanga hii. Nimeandika kwenye safu ya kulia kwa penseli.

Yule mzee wa Pongwe alinitajia jina ambalo babu yako alizaliwa nalo. Alilitamka mara moja, taratibu. Alifariki mwaka uliofuata. Jina hilo sijaliandika popote, hata hapa sitaliandika, na usidhani ni ushirikina. Nina shahidi mmoja, tena marehemu. Umefundishwa ulichofundishwa: ingizo lina pande mbili, ukiwa na upande mmoja huna hesabu, una uvumi. Nitakutamkia tukionana.

Jina letu usilibadilishe. Vyeti vyako, ndoa yako, watoto wako, yote yamejengwa juu yake, na babu yako alilifanyia kazi miaka arobaini na mbili, nadhani amelilipia. Halinikoseshi usingizi hilo. Kinachonikosesha ni upande ule mwingine.

Katika vitabu, yule mtu wa Heru hakufa. Unaliona? Kwa kuwa namba yake ilirudi kazini Mei, hakuna barua iliyoandikwa kwa chifu, hakuna mshahara uliobaki uliotumwa kwao. Siku kumi na moja za Machi alizofanya hazikulipwa kwa mtu yeyote, nimezitafuta kwenye daftari la malipo, hazimo. Kule kwao aliondoka kijana, akanyamaza. Huenda alikuwa na mke. Huenda mama yake alikufa akiwa bado anatazama njia, na watu wakasema huyu amelewa pwani, ameoa huko, ametusahau. Na huku pwani kulikuwa kweli na mtu wa jina hilo ameoa na amezaa. Kama siku moja msafiri alirudi Kasulu na kusema nimemwona, yu mzima, ana watoto Tanga, basi mtoto mmojawapo aliyeonekana ni mimi.

Hiyo ndiyo faida ya makaratasi, kama bado unaiuliza. Kuna msiba haujapelekwa, na anayejua njia ya kuufikisha ni mimi na yale madaftari, na mimi nina miaka zaidi ya sabini na presha.

Nimekwisha kupanga, nakuarifu tu. Mwezi Juni mvua zitakuwa zimekatika. Nitapanda basi Kange hadi kwako Dodoma, nipumzike siku mbili, niwaone wajukuu. Kutoka hapo nataka twende wote kwa treni, Tabora, Kigoma, kisha gari hadi Kasulu, tuulize Heru Juu kwa wazee. Sitaki basi moja kwa moja, mgongo hautaki, na mzee wa Pongwe alisema reli ya kati ndiyo iliyompeleka hata yule wa kwanza mpaka Morogoro kabla ya malori. Omba likizo yako mapema, msiniambie mwisho wa mwaka wa fedha umewabana, nami nimeishi na mwisho wa mwaka wa fedha maisha yangu yote, huwa unapita. Nauli yako nimeiweka. Usinunue mbuzi.

Tukipata ukoo wa yule mtu, tutawaambia tarehe. Alama za kazi ni hadi 11 Machi 1947, mstari ni tarehe 14, watachagua wenyewe siku ya kumsomea dua au misa, sijui ni watu wa dini gani. Nitakuwa na kitabu cha Machi na lile daftari la stoo, nimevifunga kwenye khanga ya bibi yako. Zile siku kumi na moja nimezipigia hesabu kwa kiwango cha kipande cha wakati ule. Ni senti chache mno kwa leo, aibu hata kuzitaja, kwa hiyo nimezitafsiri kuwa magunia mawili ya mchele, usinikague hapo. Na kama hatuwapati, bado tunaweza kuuliza lile jina la pili, la babu yako mwenyewe. Lazima kuna familia nyingine huko iliyopotelewa na kijana mdogo aliyeondoka kwa miguu.

Vitabu vyenyewe nimekwisha kuandika viende Nyaraka za Taifa nikiondoka, kaunta buku zibaki kwako. Funguo za kabati ziko ndani ya kopo la chai, mama yako anajua, anajifanya hajui.

Yeye nimemwambia nakuja kuwaona wajukuu na kwamba tutafika Kigoma kula migebuka. Mengine nitamwambia nikirudi. Ameanza kunifungashia, na tangu jana tunabishana: anasema Kasulu Juni ni baridi kali, lazima nibebe blanketi. Tafadhali mpigie umwambie huko kwako yapo.

Wako mpenzi,
Baba